Dakika Sita na Sekunde Arobaini na Mbili

Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, lori la Wizara liliingia katika uwanja wa michezo wa Shule ya Sekondari ya Mtomkavu na kushusha viti mia nne juu ya njia za kukimbilia.

Mwalimu Semeni Kitwange, aliyefundisha elimu ya viungo shuleni hapo kwa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amesimama kando, saa yake ya kupimia mbio ikining'inia shingoni. Alitazama mpaka kiti cha mwisho kikateremshwa. Baada ya viti yakaja maturubai, jukwaa, zulia jekundu na jenereta ya vipaza sauti. Ilipofika saa tatu, kati ya njia sita za kukimbilia ilikuwa imebaki moja.

"Siku ya kuzindua michezo," alimwambia mkuu wa shule, Mzee Shebughe, "wanamichezo ndio wamekosa pa kukanyaga."

"Mwalimu, leo si siku ya michezo. Leo ni siku ya kuizindua. Usichanganye mambo."

Mwalimu Semeni hakuwa na tabia ya kuchanganya mambo. Aliamini kile kilichoonekana na kupimika, na kisichopimika alikiachia Wizara.

Kwa miaka arobaini, kipindi cha elimu ya viungo katika nchi hiyo kilikuwa Ijumaa mchana, na wanafunzi walikitumia kufyeka majani nyumbani kwa mkuu wa shule. Mwaka uliotangulia, Wizara iligundua kwamba wanafunzi wa sekondari wana miili. Tume ya watu kumi na saba ilizunguka nchi saba za ng'ambo kuhakikisha jambo hilo, na katika nchi zote saba ilikuta wanafunzi wenye miili. Ilirudi na ripoti ya kurasa mia nne na kumi na mbili, na kutoka katika ripoti hiyo ukazaliwa Mtaala Mpya wa Umahiri wa Mwili. Chini ya mtaala huo, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angejifunza maana ya kukimbia. Wa Kidato cha Pili angejadili umuhimu na changamoto za kukimbia. Wa Kidato cha Tatu, afya yake ikiruhusu, angekimbia.

Somo lilikuwa la lazima. Asiyefaulu asingeingia Kidato cha Nne, na kwa kuwa madarasa yalikuwa yamejaa, asingerudia pia. Angeondoka. Wizara iliita hatua hiyo motisha.

Saa nne kasoro dakika tano aliwasili mgeni rasmi, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Ponsiano Kisarazo, amevaa suti nyeusi na juu ya suti fulana ya uzinduzi. Kabla ya lolote aliketi kwenye meza ndogo akasaini. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Wizara: Waziri husaini kwanza, mambo hujazwa baadaye, ili mambo yasimcheleweshe. Alisaini kitabu cha wageni, cheti cha shukrani na Fomu MW/7, Matokeo ya Mbio za Uzinduzi, ambayo ilikuwa tupu isipokuwa maneno "mita mia moja" yaliyochapwa tayari. Fomu hiyo alikabidhiwa Mwalimu Semeni, pamoja na karatasi ya kaboni na nakala ya chini, ambayo saini ilikuwa imeshapenya hadi kwake.

Halafu Waziri akahutubia.

"Ndugu wananchi, mwili ni rasilimali ya taifa ambayo kila mmoja wetu amekabidhiwa kwa matumizi ya muda. Serikali hii haitamvumilia mtu yeyote anayekaa na mwili bila kufuata mwongozo. Leo nitakimbia. Nitakimbia kwa niaba yenu."

Firimbi ikalia. Mwalimu Semeni akabonyeza kitufe.

Nyuma ya Waziri walipangwa wanafunzi arobaini na maofisa sitini, na wote walijua kanuni moja: hakuna anayemtangulia mgeni rasmi. Katika mita ya saba Waziri alisimama kupokea maua. Katika mita ya kumi na tano aliwasalimu wazee maarufu, mmoja mmoja, akiulizia na afya za walioko nyumbani. Katika mita ya ishirini na mbili simu yake iliita, naye akaipokea, mkono kiunoni. Katika mita ya thelathini na moja alieleza waandishi wa habari umuhimu wa kasi. Maofisa sitini nyuma yake waliruka-ruka papo hapo ili ionekane wanakimbia.

Katika mita ya thelathini na nane Waziri alisimama kujifuta jasho, akautazama utepe wa kumalizia uliokuwa mbali. Katika nchi hiyo utepe haumsubirishi mgeni rasmi. Hata mawe ya msingi huletwa kwenye gari. Maofisa wawili wa itifaki waling'oa nguzo za utepe, wakazibeba mbio hadi alipokuwa, wakamshikia. Waziri akaukata kwa kifua. Matarumbeta yakalia.

Mwalimu Semeni akabonyeza kitufe tena na kuandika alichokiona. Muda: dakika sita na sekunde arobaini na mbili. Aliyetangulia kuvuka: Mheshimiwa. Kisha, katika kisanduku cha mwisho, juu tu ya saini ya Waziri, kilichoandikwa "Maelezo ya mpima muda", aliongeza kwa mwandiko mdogo ulionyooka: "Utepe ulisogezwa. Mkimbiaji aliishia mita ya thelathini na nane." Mahali hapo akachomeka kigingi, kwa mazoea tu. Fomu aliituma Wizarani. Nakala ya kaboni akaiweka kabatini.

Wiki tatu baadaye ulifika waraka. Mzee Shebughe aliusoma mbele ya walimu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kifungu cha tisa kilisema: kwa heshima ya uzinduzi, muda wa mtu wa kwanza kuvuka utepe siku ya uzinduzi ndio utakuwa Kiwango cha Taifa cha mita mia moja. Anayekifikia kiwango sawasawa atapata alama mia. Kila sekunde moja ya tofauti, juu au chini, itapunguza alama moja. Alama ya kufaulu ni hamsini. Kifungu cha kumi na nne, ambacho kilionekana kuongezwa kwa ajili ya kupendeza, kilisema kwamba watumishi wote wa Idara ya Mwili watakuwa mfano kwa kupimwa kwanza kila kiwango kinapotangazwa, kwa masharti yale yale ya wanafunzi.

"Wameshapimwa," alisema Mzee Shebughe. "Watu tisini na wanne, kila mmoja kapata mia. Walitembea kutoka getini hadi kantini."

Nyamizi Ntalima, wa Kidato cha Tatu, alipimwa Alhamisi. Alikimbia mita mia moja kwa sekunde kumi na tatu kamili, pekupeku. Mtahini kutoka Wizarani alipiga hesabu mara mbili, akamwonea huruma, akaandika: hasi mia mbili themanini na tisa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kupata alama ndogo hivyo katika somo lolote, hata hisabati.

Kila mwanafunzi alikuwa na haki ya majaribio matatu. Kwa jaribio la pili, Mwalimu Semeni alimshauri Nyamizi asimame mstarini kwa dakika sita na sekunde ishirini na tisa, ndipo akimbie. Nyamizi alifika kwa sekunde ile ile iliyotakiwa. Mtahini alimpa sifuri, kwa maelezo kwamba mgeni rasmi hakusimama mstarini, alisimama njiani. Ilikuwa nafuu ya alama mia mbili themanini na tisa, lakini haikutosha.

Lilibaki jaribio la mwisho.

Wengine hawakuwa na shida. Jioni nzima uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi wanaofanya mazoezi ya kiwango. Walipokea maua ya plastiki kwenye mita ya saba, wakasalimu safu ya madawati kwenye mita ya kumi na tano, wakapokea simu za makopo, wakaeleza umuhimu wa kasi. Nyamizi alikaa kwenye nyasi, kidevu juu ya magoti.

"Nyamizi, simu yako inaita huku," mmoja alimtania akiwa mita ya ishirini na mbili. "Jamaa anasema ushuke mwendo."

"Mwambie nimeshafika," alijibu Nyamizi bila kugeuka.

Mwalimu Semeni akaketi kando yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwa nini hufanyi mazoezi?"

"Mazoezi ya nini? Kutembea najua. Natembea kila siku kutoka nyumbani, kilomita sita."

"Basi tembea, ufaulu. Siku moja tu. Mwakani uko Kidato cha Nne, unaendelea na fizikia yako."

Nyamizi aling'oa jani, akalikunja mara mbili.

"Mwalimu, nikitembea, wewe utaandika nini kwenye fomu?"

"Nitaandika muda wako."

"Juu ya fomu pameandikwa mbio."

Mwalimu Semeni akaishika saa iliyokuwa shingoni.

"Mwaka jana," alisema Nyamizi, "nilikuomba uniandikie kumi na mbili nukta tisa ili nipelekwe mashindano ya kanda. Ulikataa. Ulisema saa imesema kumi na tatu, na wewe si mkubwa kuliko saa. Nililia siku mbili. Sasa leo mimi nitembee, wewe uandike nimekimbia?"

"Wataniondoa mimi nikiandika kingine. Na wewe watakuondoa."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

Mwalimu Semeni alikaa pale mpaka jua likawa jekundu nyuma ya maabara. Kisha akasimama, akaenda kupima umbali wa kigingi chake kwa futi kamba, mara tatu. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na nane.

Jumatatu alikwenda Wizarani. Idara ya Mwili ilikuwa na makao yake ghorofa ya sita, lakini lifti iliharibika, hivyo Idara nzima ilikuwa imehamia ghorofa ya chini kwa muda, na muda huo ulikuwa sasa umefikia miaka minne. Mkurugenzi wa Mwili, Ndugu Athanasi Mpelumbe, alikuwa mtu mpana, mpole, aliyeandika Mtaala wote akiwa ameketi.

"Karibu, Mwalimu. Nimeambiwa una tatizo la kasi."

"Sina tatizo la kasi, Ndugu Mkurugenzi. Nina tatizo la umbali."

Akamwekea nakala ya kaboni mezani. Ndugu Mpelumbe aliisoma kutoka juu hadi chini, akafika kwenye saini, akakaa hapo.

"Haya maelezo ya chini nani aliandika?"

"Mimi."

"Saini ilitangulia?"

"Kama kawaida."

Ndugu Mpelumbe akavua miwani. Kila mtumishi wa Wizara aliijua Kanuni ya Saini: lolote lililoandikwa juu ya saini ya Waziri ni neno la Waziri, na kulifuta ni kosa la kufukuzwa kazi.

"Kwa hiyo haya ni maneno ya Mheshimiwa."

"Ndiyo. Mheshimiwa anasema aliishia mita ya thelathini na nane."

"Unataka kuniambia mgeni rasmi hakumaliza?"

"Sisemi mimi. Amesema mwenyewe."

"Mwalimu, mgeni rasmi hawezi kutokumaliza. Haijawahi kutokea tangu uhuru." Alifikiri, kalamu mdomoni. "Anaweza kuwa anaendelea."

"Kama anaendelea, hakuna aliyevuka bado. Na kama hakuna aliyevuka, hakuna kiwango."

Katibu muhtasi aliacha kuchapa. Hatimaye Ndugu Mpelumbe alitabasamu kama mtu aliyepata pa kutokea, akaanza kuandika huku akijisomea: uzinduzi haukuisha, ulikuwa mapumzikoni, siku ya uzinduzi inaendelea, majaribio yote ya wanafunzi yanasimamishwa hadi Mheshimiwa atakapokamilisha mita sitini na mbili zilizobaki, pale pale Mtomkavu, ambapo pia Kidato cha Tatu watafanya jaribio lao la mwisho.

"Nina maswali mawili," alisema Mwalimu Semeni. "Wanafunzi waanzie wapi?"

"Nyuma ya Mheshimiwa, Mwalimu. Hilo nalo la kuuliza?"

"Mstari wa kuanzia uko nyuma yake kwa mita thelathini na nane."

"Vizuri sana. Heshima haina kipimo."

"Na utepe. Nguzo zake zijengewe kwa zege, zisije zikang'olewa tena maelezo yakaharibika."

"Zijengewe," alisema Ndugu Mpelumbe bila kuinua uso. "Usalama kwanza."

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, saa tatu na nusu asubuhi, viti mia nne vilirudi. Waziri aliketi kwenye meza ndogo akasaini kitabu cha wageni, cheti cha shukrani na Fomu MW/7 mpya. Akasindikizwa hadi kwenye kigingi, ambacho Mzee Shebughe alikuwa amekipaka rangi za bendera. Nyuma kabisa, kwenye mstari wa kuanzia, walisimama wanafunzi thelathini na sita wa Kidato cha Tatu, mikononi maua ya plastiki na simu za makopo. Nyamizi alikuwa mikono mitupu.

Mwalimu Semeni alimpitia akielekea upande wa kumalizia.

"Mwalimu, wewe unataka niende vipi?"

"Umbali ni mita mia moja. Mengine hayamo kwenye fomu."

Nyamizi akaweka chini goti moja.

Saa nne na dakika tatu firimbi ililia. Waziri alipiga hatua tatu, akafika mita ya arobaini na moja, na hapo akasimama kumpa mkono mpiga tarumbeta mkubwa, ambaye alikuwa akiugua mafua na Waziri alitaka kujua yalianza lini. Walikuwa bado kwenye kikohozi Nyamizi alipopita upande wa kushoto. Upepo wake ulipeperusha fulana ya Waziri. Akavuka. Utepe ulikatika, nguzo hazikutikisika, na umati, uliokuwa umefundishwa kupiga makofi utepe unapokatika, ukapiga makofi.

Kilichotokea baadaye wanafunzi waliobaki hawakukielezea vizuri. Wengine walidai waliusikia umati wakadhani mbio zimekwisha. Wengine walisema waliona tu haya kubaki na makopo. Lililo hakika ni kwamba waliangusha maua na kukimbia, wote thelathini na watano, na kumpita mgeni rasmi pande zote mbili, kama maji yanavyopita kwenye jiwe. Wa mwisho, mwenye pumu, alivuka kwa sekunde arobaini na tisa.

Waziri hakuona kasoro. Alidhani ni vijana wa ulinzi wanasafisha njia, na alipofika naye, dakika tisa baada ya firimbi, utepe ulikuwa umefungwa fundo upya. Aliukata kwa mkasi. Alisema amefarijika kuona kizazi kinachowatangulia viongozi kwenda kuwaandalia mazingira, akaondoka kwa kuwa alikuwa na uzinduzi mwingine.

Ndugu Mpelumbe alibaki. Alimfuata Mwalimu Semeni, ambaye alikuwa ameegemea nguzo ya zege akijaza fomu.

"Mwalimu, umemwandika nani wa kwanza?"

"Nyamizi Ntalima. Sekunde kumi na tatu."

"Haiwezekani. Alikuwa nyuma ya Mheshimiwa."

"Alikuwa nyuma, kwa mita thelathini na nane. Baadaye hakuwa."

"Futa."

Mwalimu Semeni akamgeuzia fomu, na kumnyooshea kalamu. Ndugu Mpelumbe aliitazama saini ya Waziri, iliyokuwa chini kabisa, kubwa, yenye mikia miwili, wino umekauka tangu saa tatu na dakika arobaini. Hakuipokea kalamu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "kifungu cha tisa kinasema mtu wa kwanza kuvuka."

"Ndiyo."

"Na cha kumi na nne..."

"Wewe ndiye uliyekiandika, Ndugu Mkurugenzi. Mimi nimekisoma tu."

Waraka wa pili ulitoka siku nne baadaye. Kiwango cha Taifa kilikuwa sekunde kumi na tatu. Nyamizi Ntalima alipata mia. Wanafunzi wote wa Kidato cha Tatu wa Mtomkavu walifaulu. Aliyepata alama ndogo kuliko wote, yule mwenye pumu, alipata sitini na nne. Watumishi tisini na wanne wa Idara ya Mwili walijulishwa kwamba kwa kiwango kipya, mwendo wao wa kwenda kantini ulikuwa na thamani ya alama hasi mia mbili themanini na tisa kila mmoja, na kwamba watapimwa upya Mtomkavu, ambako nguzo zilikuwa tayari.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, Ndugu Mpelumbe alionekana peke yake kwenye mstari wa kuanzia, amevaa suti na raba mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ndani. Nyamizi, aliyekuwa akipita na begi lake kwenda darasani, alisimama akamwamkia, naye akaitikia kwa mbali.

"Mwalimu," aliita Ndugu Mpelumbe, "hivi unatangulia mguu gani?"

"Wowote, Ndugu Mkurugenzi. Ila usimame hapo nyuma kidogo, umekanyaga mstari."

Alirudi nyuma. Akautazama utepe kwa muda.

"Na hausogezwi kabisa?"

"Ni zege."

Saa moja na dakika nne firimbi ililia, na Mwalimu Semeni akabonyeza kitufe. Saa moja na dakika kumi na moja, kitufe kilikuwa hakijabonyezwa mara ya pili.